Wavu Chini ya Uso

Siku hizi kila mtu ni mpelelezi wa fremu za milango. Msanii akiweka picha yake kapiga pozi pembeni ya mlango, watoa maoni wa kwanza hawatazami gauni wala viatu. Wanatazama kama fremu imenyooka. Ikiwa imejikunja pale inapopita karibu na kiuno, kesi imekwisha. Vigae vya bafuni vilivyovimba, ngazi iliyolegea kama mkate uliolowa chai, nguzo ya umeme iliyoinama kuipisha nyonga: hivyo ndivyo vielelezo. Watu wanacheka, wanasambaza, na kesho yake anakamatwa mwingine.

Nami hucheka, maana nguzo ya umeme iliyoinama inachekesha. Ila ukikichukua kicheko hicho kama uhakiki, kina upungufu mkubwa: kinachohukumiwa ni ufundi tu. Fundi angekuwa makini, angeinyoosha fremu, nasi tungekosa la kusema. Kiuno kingekuwa kilekile, pua ileile, tungeandika "mashallah" tukapita. Napendekeza tuuache mlango kwa muda tukitazame kifaa kilichoupinda, kwa sababu kifaa hicho kina maoni yake kuhusu uso wa binadamu, na maoni hayo yanaweza kusomwa na kubishaniwa kama tunavyobishana na riwaya yenye msimamo.

Ndani ya Photoshop kimo kichujio kiitwacho Liquify. Kimekuwemo tangu toleo la 6, la mwaka 2000. Jina lenyewe linamaanisha kukigeuza kitu kiwe kimiminika, na aliyelichagua hakutia chumvi. Ukikifungua, picha inageuka kuwa kama uji mzito chini ya mwiko. Brashi moja inasukuma, nyingine inabana kitu kikasinyaa, nyingine inavimbisha, nyingine inazungusha. Iko pia ya kugandisha: unapaka rangi juu ya sehemu usiyotaka isogee, nayo inatulia palepale hata ukimvuta jirani yake. Fundi mwenye subira huanza kwa kuugandisha mlango. Fundi mwenye wateja kumi nje ya studio hukumbuka kiuno, akausahau mlango.

Watazamaji wengi hudhani kwamba kiuno kimekatwa. Hakijakatwa. Brashi ya kusukuma haiondoi nyama ikaitupa. Inavuta kile kilichokuwa kando kije kukaa pale. Ukuta umeitwa ujaze nafasi ya mwili, na mlango, kwa kuwa ni sehemu ya ukuta, umekuja nao. Kwa lugha ya programu, picha imetandazwa juu ya wavu wa mistari ya wima na ya mlalo, na kinachovutwa na mausi ni ule wavu. Uso unafuata.

Wavu huo unaweza kuonekana. Kuna kisanduku cha kutia tiki, wavu ukajitokeza juu ya picha. Kuna kingine cha kuondoa tiki, picha ikatoweka, ukabaki na wavu peke yake: miraba iliyotulia pembezoni, na katikati mahali ambapo imesongamana, imenyooshwa, imekunjamana kama shuka la asubuhi. Katika kazi nzima ya kuediti, hiyo ndiyo picha ninayoiamini kuliko zote. Humjui aliyepigwa, rangi yake, umri wake, wala nguo aliyovaa. Unajua tu ni wapi mtu fulani hakuridhika, na kwa kiasi gani. Wavu unaweza pia kuhifadhiwa kama faili na kupakiwa juu ya picha nyingine kabisa, yaani kutoridhika kulikoanzia kwenye uso wa mmoja kukamalizikia kwenye uso wa mwingine. Laiti ningekuwa na ukumbi, ningefanya maonyesho ya nyavu tupu, bila sura hata moja.

Mwaka 2016 kichujio hiki kilianza kuutambua uso chenyewe. Mkono haukuwa na ulazima tena. Pembeni mwa dirisha ikaja orodha. Macho: ukubwa, kimo, upana, mwinamo, umbali kati yake. Pua: kimo na upana. Mdomo: tabasamu, mdomo wa juu, mdomo wa chini, upana, kimo. Umbo la uso: paji, kidevu, taya, upana. Kila kimoja kina mstari wake wa kuburuta, sifuri katikati, hasi kushoto, chanya kulia.

Tuisome orodha hii polepole, kama shairi baya lililosifiwa sana. Tuanze na sifuri. Sifuri ni uso uliokuja nao studio. Katika kila fomu tuliyowahi kujaza, palipo sifuri ni mahali ambapo kazi haijaanza. Ukiacha mistari yote kumi na kitu kwenye sifuri, unajihisi mvivu. Kisha kuna huko kugawa. Hakuna mtu anayemwona mama yake akishuka kwenye daladala akaona upana wa pua na umbali wa macho. Anamwona mama. Orodha inamtaka fundi asahau kuona kwa namna hiyo, achukue uso kama fundi wa magari anavyochukua injini, kifaa kimoja kimoja juu ya turubai. Na akishazoea, mazoea hayabaki kazini. Niliwahi kufanya kazi ya kusafisha picha za harusi na mahafali nikijilipia ada, na baada ya msimu mmoja wa mahafali nilikuwa nikikaa kwenye basi naona taya.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni yale yasiyomo. Kiswahili kina orodha yake ya uzuri, nayo ni ndefu. Kuna mwanya, ule uwazi kati ya meno mawili ya mbele, ambao watu wametungiwa nyimbo kwa ajili yake. Kuna shingo ya pingili, yenye mikunjo iliyojipanga kama mikufu ya kuzaliwa nayo. Kuna vishimo vya mashavu. Kuna macho malegevu. Tukishuka chini kuna umbo namba nane, na kuna mguu wa bia, ambao mgeni akitafsiriwa hatajua kama amesifiwa au ametukanwa. Katika mistari ya kuburuta hakuna mstari wa mwanya. Mstari wa tabasamu unainua pembe za mdomo bila kujali kilichomo ndani ya mdomo. Na ile mikunjo ya shingo, katika masomo mengi ya kuediti yanayofundishwa mtandaoni, inatajwa pamoja na chunusi na alama za nguo: vitu vya kusafisha. Kijana wa Mwanza au Tanga anayejifunza kazi kwa video hizo anaipitishia brashi shingo ambayo bibi yake angeisimamia njiani kuitazama. Hajaamua kwamba pingili ni mbaya. Amefuata hatua ya saba.

Sisemi kwamba orodha yetu ni ya huruma. Wapo waliochonga meno wapate mwanya, na msichana mwembamba aliyekulia mtaa wa kusifia namba nane anajua vizuri kwamba uzuri wa nyumbani nao una fimbo. Brashi ya kuvimbisha haina uzalendo: Ulaya imelaumiwa kwa kupunguza viuno, na kwenye simu za huku inatumika usiku na mchana kuongeza nyonga. Tofauti ninayoiona ni hii. Orodha ya nyumbani ilisemwa na watu, ikabishaniwa, huyu akisifia weusi yule akisifia macho, wahenga wakiikejeli na waimbaji wakiigeuza. Orodha ya kwenye dirisha haisemi kitu. Imekaa tu pale kama vipimo vya kawaida, na kimya chake kinaifanya ionekane haina kwao.

Hapa nawakumbuka wapiga picha wa Likoni, kule Mombasa, waliokuwa na vibanda vyao karibu na kivuko miaka ya 1990. Nyuma ya mteja waliweka meli, ndege, majengo marefu ya miji ambayo mteja hajafika, maua ya plastiki na mapazia yanayong'aa. Kila kitu kilikuwa uongo isipokuwa mtu. Mtu alisimama na uso wake, akaazimwa dunia. Liquify imeupindua utaratibu huo. Sasa ukuta ndio unaogandishwa, unalindwa usiguswe, kwa sababu ukuta ukipinda tutacheka. Anayesogea ni mtu.

Mradi unaotajwa sana katika mjadala huu ni Selfie Harm wa mwaka 2019, wa mpiga picha Mwingereza Rankin. Aliwapiga picha vijana wa miaka 13 hadi 19, picha safi, za karibu, kisha akawapa dakika chache wajiediti kwa programu ya simu mpaka wahisi picha iko tayari kwa mitandao. Akazipanga mbilimbili, kabla na baada. Macho yamekua, pua zimesinyaa, taya zimechongoka, ngozi imekuwa kama ya sabuni. Rankin mwenyewe alieleza kwamba wengi wao walizipenda zaidi picha za awali.

Ni kazi inayofika haraka, na hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia. Kupanga picha mbili sambamba, moja imeguswa na moja haijaguswa, ni mbinu ya zamani kuliko tunavyodhani. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1855, Mjerumani Franz Hanfstaengl anatajwa kuwa alionyesha picha mbili za mtu mmoja, moja kutoka kwenye negativu iliyorekebishwa kwa mkono na nyingine isiyorekebishwa. Umati ulishangaa, na habari kwamba kamera inaweza kukupendelea ziliwatia watu hamu ya kupigwa picha. Jozi ya kabla na baada ilizaliwa kama tangazo la kurekebisha. Rankin ameichukua kama onyo, lakini umbo la kitu lina kumbukumbu yake. Jicho linatoka kushoto kwenda kulia, linahesabu kilichobadilika, na katika kuhesabu linajifunza somo lilelile: haya ndiyo yanayobadilishwa. Msichana wa miaka 14 anayezitazama picha hizo hapewi tu tahadhari, anapewa na orodha.

Halafu kuna suala la nani yuko wapi chumbani. Rankin ndiye aliyeanzisha jarida la Dazed & Confused pamoja na Jefferson Hack mwaka 1991. Ametengeneza picha za mitindo na za watu mashuhuri kwa miongo mitatu. Wale vijana walikulia kwenye dunia ya picha ambayo watu wa kazi yake ndio walioijenga. Walipopewa simu na dakika chache, walinukuu. Mradi unawaonyesha wao wakiwa wameshika kalamu, lakini walionukuliwa hawaonekani. Ningeuheshimu zaidi kama kwenye ukuta huohuo pangekuwa na nyavu za majalada ya majarida, kuanzia lile la GQ la mwaka 2003 ambalo Kate Winslet alilalamikia, akisema hafanani vile na wala hatamani kufanana vile.

Anayenishawishi zaidi ni Cindy Sherman. Mwaka 2017, akiwa na miaka sitini na kitu, mpiga picha huyu wa Marekani aliyejipiga mwenyewe kwa miongo minne katika sura za watu wengine aliifungua akaunti yake ya Instagram kwa umma. Humo akaweka selfi zilizopikwa kwa programu zilezile za vijana, Facetune na wenzake. Tofauti ni kwamba hakusimama pale programu inapotaka usimame. Alivuta kidevu mpaka kikawa kiatu, akavimbisha mashavu mpaka macho yakazama, akaweka vipodozi juu ya ngozi iliyonyooshwa kama puto. Mstari wa kuburuta una mwisho, na yeye alienda kuutazama mwisho ulivyo. Matokeo yanachekesha, kisha yanatisha, na katikati ya vicheko unatambua kwamba brashi iliyomfanya kioja ndiyo iliyompendezesha bibi harusi uliyempa hongera jana. Hakuna kilichoongezwa. Amekwenda mbele hatua chache tu.

Baadaye baadhi ya sura hizo aliziagizia mazulia ya ukutani, kwa sababu picha za simu zilikuwa na pikseli chache mno kuweza kuchapishwa kwa ukubwa alioutaka. Ukisogea karibu, uso unageuka nyuzi za wima na za mlalo. Sijui msanii gani mwingine aliyepata bahati ya kuurudisha uso kwenye wavu kwa sababu ya kawaida kabisa kama ukubwa wa faili.

Serikali nazo zimejaribu. Israeli ilipitisha sheria mwaka 2012, Norway ikafuata na sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022. Ufaransa, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017, inataka picha ya tangazo ambamo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kunenepeshwa kwa programu iandikwe wazi kwamba imerekebishwa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya euro 37,500. Naiona nia njema. Lakini someni tena: umbo la mwili. Anayeipunguza pua, anayeilainisha nywele, anayeichangamsha rangi ya ngozi, huyo hadaiwi maandishi.

Na mwezi uliofuata, Novemba 2017, ng'ambo ya mlango wa bahari, likatoka jalada la Grazia la Uingereza lenye picha ya Lupita Nyong'o. Nywele zake za asili, zilizokuwa zimefungwa nyuma, zilikuwa zimefutwa, na zilizobaki zimelainishwa. Lupita aliziweka mtandaoni picha zote, kabla na baada, akaeleza kuvunjika moyo kwake kwamba sehemu ya asili yake imeondolewa ili afae katika kipimo cha Kizungu cha nywele nzuri. Jarida liliomba radhi likisema halikuagiza mabadiliko hayo. Mpiga picha akaomba radhi pia. Pale kazi ilikuwa ya kufuta zaidi ya kuvuta, brashi nyingine kabisa. Nalitaja kwa sababu ya lile neno la jarida, kwamba halikuagiza. Naliamini. Hakuna haja ya kuagiza kitu ambacho mkono umekwisha kukizoea. Na angalieni kwamba jozi ya kabla na baada mikononi mwa Lupita ilifanya kazi ambayo mikononi mwa Rankin haikuifanya: mwenye uso ndiye aliyekuwa akishtaki, na picha ya "kabla" haikuwa udhaifu wa kuhurumiwa, ilikuwa mali iliyoibwa.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba kila kitu kinategemea nani ameshika mausi. Ni karibu na kweli, lakini kuna kazi moja inayonizuia.

Studio niliyokuwa nikifanyia kazi ilipokea picha nyingi za marehemu. Ndugu huja na kitambulisho au simu yenye kioo kilichopasuka, wanataka picha kubwa yenye fremu ya kuweka mbele ya jeneza na ndogo ya kwenye ratiba ya ibada. Siku moja walikuja watoto watatu wa mzee mmoja aliyekuwa amepooza upande wa kushoto kwa miaka minne kabla ya kufariki. Picha pekee zilizokuwa na ubora wa kukuzwa zilikuwa za miaka hiyo. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja, na jicho nalo. Mtoto mkubwa wa kiume, anayeishi mbali, aliomba tumnyooshe baba. Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeomba shati lipigwe pasi.

Mstari wa tabasamu hausaidii kwa kazi hiyo, kwa sababu unainua pembe zote mbili kwa pamoja. Programu haimfahamu mtu aliyepooza nusu. Inabidi kurudi kwenye brashi ya kusukuma na mkono. Nilisukuma kidogokidogo kwa dakika kama arobaini, yeye amekaa kando yangu akinielekeza: juu kidogo, hapana, umezidisha, hapo. Alikuwa akimkumbuka baba yake kwa kutumia mkono wangu. Sijawahi kuona uhakiki wa uso ulio makini kama ule, na hakuna kipengele kimoja ndani yake kilichohusu uzuri.

Dada yake, aliyekuwa amemuuguza mzee miaka yote minne, alikuwa amesimama nyuma yetu. Picha ilipokamilika alisema, "Huyu ni baba yako wewe. Mimi wangu ni yule mwingine." Kaka hakujibu. Wakashauriana nje, karibu na mashine ya kulamini, na mdogo wao akarudi kuniambia nichapishe ile iliyonyooshwa kwa ukubwa wa fremu, na ile ya kwanza niichape ndogo, ya kuingia kwenye pochi. Aliuliza kama ndogo nayo inalipiwa.